Kumi ya Ngara ni ngapi? Ukosoaji wa vipimo vya umasikini wa kaya, na wa vipimo vyetu wenyewe

  

Katika Ramadhani moja nilikaribishwa kukaa na kamati ya zaka ya msikiti mmoja wilayani Biharamulo. Waislamu wa wilaya ile si wengi, na wenye kufikia nisabu ni wachache zaidi, kwa hiyo fedha zilizokusanywa zilikuwa kidogo na majina ya waombaji yalikuwa arubaini na kitu. Kijana mmoja katika wajumbe, mtu wa nia njema kabisa, akatoa rai: twende ofisi ya kijiji, tuchukue orodha ya kaya masikini ya TASAF, tuwachuje Waislamu waliomo, tuwagawie, tumalize. Serikali imekwisha kupima, alisema, sisi ni nani hata tupime tena? Wengi wakaafiki. Miongoni mwa majina yaliyokatwa usiku ule kwa kuwa hayamo katika orodha, lilikuwamo la mzee mmoja mwenye nyumba ya bati. Mimi nilikuwapo, na nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu la kielimu la kumpa yule kijana. Ninaloliandika hapa ni jibu hilo, ingawa limechelewa.

Kwanza tuifanyie uadilifu orodha yenyewe. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulianza mwaka 2012, ukaenea nchi nzima katika miaka michache iliyofuata hadi kufikia kaya zipatazo milioni moja na laki moja. Awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Utaratibu wake haukuwa wa ovyo. Kijiji hukutana, hutaja wenyewe kaya wanazoziona kuwa ni za hali ya chini kabisa, kisha watu wenye dodoso huzipitia kaya hizo na kuandika idadi ya watu, hali ya nyumba, vyombo na mali iliyomo. Majibu huingizwa katika kompyuta, nayo hutoa alama kwa kila kaya. Kisha majina hurudishwa kwenye mkutano wa kijiji ili yathibitishwe. Mwenye kusema kwamba hawa waliketi mjini wakabuni majina atakuwa amewadhulumu.

Hata hivyo, orodha haikusalimika. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilitangaza kuwa imeziondoa kaya zaidi ya 55,000 ambazo hazikustahiki kuwamo. Hizo ndizo zilizoitwa kaya hewa. Wengi wetu tulilishika neno hilo la kaya hewa tukacheka, na wengine wakaligeuza hoja ya kuupinga mpango mzima. Mimi naona hilo ni jambo dogo. Aliyeingizwa bila haki anaweza kuondolewa. Tatizo kubwa liko katika kipimo kilekile kinapofanya kazi yake sawasawa, bila ya wizi wala upendeleo: kinapima nini hasa?

Kinapima vitu. Kompyuta haikioni kipato cha mtu wa Ngara, kwa sababu mkulima hana hati ya mshahara. Basi hukisia kipato kwa kuangalia paa, ukuta, sakafu, redio, baiskeli. Mwenye bati hukisiwa kuwa na nafuu, na mwenye nyasi hukisiwa kuwa dhaifu. Kwa jumla ya watu laki moja makisio hayo huenda yasiende mbali na ukweli. Lakini zaka haipewi jumla ya watu laki moja. Hupewa mtu mmoja mmoja, na kila mmoja ana haki yake mbele ya Allah.

Hapa ndipo Imam Shafii (r.a.) alipotangulia kwa karne nyingi. Katika khitilafu ya nani mwenye hali mbaya zaidi, fukara au masikini, alijengea hoja juu ya kisa cha Nabii Musa (a.s.) na Khidhri katika Surat al-Kahf, aya ya 79. Jahazi lililotobolewa lilikuwa la watu wanaofanya kazi baharini, na Qur'ani imewaita masikini. Walikuwa na jahazi! Lau dodoso lingewapitia siku ile, lingeandika chombo kimoja cha baharini, alama juu, kaya imeondolewa. Jahazi lile ndilo lililowapatia riziki, na riziki yenyewe haikuwatosha. Kwa dalili hiyo Mashafii wakasema masikini ni mwenye kitu kisichomtosha, na fukara yuko chini yake. Mahanafi wameyageuza majina hayo mawili, lakini pande zote zinakubali kwamba kuwa na kitu si sawa na kutosheka. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu za pwani na bara, kuwa nyumba anayokaa mtu na nguo anazovaa hazimtoi katika ufukara.

Ewe msomaji, tazama jinsi mafaqihi walivyolipanga jambo hili. Walichukua hesabu ya kumi. Mtu ambaye haja zake na za wale anaowajibika kuwalisha ni kumi, naye hapati ila mbili au tatu, huyo ni fukara. Akipata saba au nane, ni masikini. Akipata kumi, ametosheka na hana fungu katika mafungu hayo mawili ya aya ya 60 ya Surat at-Tawba. Na hiyo kumi ni chakula, mavazi, makazi na kila kisichoepukika kwa mtu wa hali yake, bila ya israfu wala ubakhili. Kanuni ni nzuri mno. Tumeihifadhi, tumeisomesha, tumeitungia maswali ya mitihani. Lakini nawauliza maimamu wenzangu, nami nikiwa wa kwanza kuulizwa: kumi ya Ngara ni ngapi? Ni shilingi ngapi kwa mwezi, kwa mtu wa Rulenge mwenye watoto watano na mama mgonjwa? Hakuna aliyewahi kukaa chini akaihesabu. Tunasomesha dirhamu kumi, kisha zaka tunaigawa kwa kumtazama mtu usoni.

Watu wa takwimu, kwa upande wao, wanayo kumi yao. Katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilikadiria mstari wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na mstari wa chakula peke yake shilingi 33,748. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya mstari wa kwanza, na asilimia 8.0 chini ya wa pili. Mstari wa chakula hutoka katika hesabu ya kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku. Watoto huhesabiwa kwa sehemu ya mtu mzima.

Baadhi ya wenzetu huiona hesabu hii ya kalori kuwa ni ya kizungu na ya kikafiri. Taratibu! Mafaqihi wetu wa Kishafii walipokadiria nafaka ya kila siku anayostahiki mke, walisema mudd moja kwa mume mwenye dhiki, mudd moja na nusu kwa wa kati, na mudd mbili kwa mwenye wasaa. Mudd ni nusu kilo na kidogo ya nafaka. Nusu kilo ya unga wa mahindi ina kalori zipatazo 1,800. Mudd moja na nusu inaupita mstari wa serikali, na mudd moja inausogelea. Watu hawa hawakukaa pamoja, baina yao mna karne nyingi, lakini wote walikuwa wanalipima tumbo la mwanadamu yuleyule. Kukadiria chakula kwa namba hakujaanza kwa Ofisi ya Takwimu.

Basi kosa liko wapi? Liko, kwa maoni yangu, katika mambo mawili: ile kumi wanaijaza kwa kitu gani, na wanamhesabu nani.

La kwanza. Utafiti wa kaya hupima matumizi: ulikula nini, ulinunua nini, ulipewa nini. Tofauti za bei za mahali na mahali wanazirekebisha, hilo tuwakubalie. Lakini mtu anayekula kwa kukopa dukani, kwao anaonekana amekula, na alama yake hupanda. Katika fiqhi huyo anaweza kuwa na mlango wa pili kabisa, mlango wa wadaiwa. Na mjane anayepelekewa sahani na jirani kila jioni, sahani hiyo huandikwa katika matumizi yake, akavuka mstari. Mafaqihi wa Kishafii wametofautisha. Mwenye kulishwa na mtu ambaye kumlisha ni wajibu wake kisheria, kama mume au mtoto, huyo ametosheka. Ama anayelishwa kwa hisani tu ya mtu, hisani hiyo haimwondolei haki yake ya zaka, kwani jirani anaweza kuacha kesho na hakuna kadhi wa kumlazimisha. Sijaona dodoso lenye safu ya kutenganisha sahani ya wajibu na sahani ya hisani.

Tena matumizi yenyewe hubadilika kwa namna unavyouliza. Watafiti walikwisha kulijaribu hilo hapa Tanzania kwa kaya 4,000, wakizigawia namna nane tofauti za kuuliza matumizi: nyingine kwa daftari la kila siku, nyingine kwa kumbukumbu ya wiki moja au mbili, nyingine kwa orodha ndefu ya vyakula na nyingine kwa fupi. Namna hizo hazikutoa jawabu moja, na idadi ya masikini ikapanda na kushuka kwa kufuata namna ya swali. Hili walilitangaza wao wenyewe, nasi tuwasifu kwalo. Ni nani katika sisi amewahi kutangaza kuwa namna yake ya kugawa zaka ina kasoro?

La pili, nalo ndilo zito, ni neno kaya. Kwa watu wa takwimu kaya ni wale wanaoishi pamoja na kula pamoja, yaani watu wa chungu kimoja. Kwa kanuni hiyo, bwana mwenye wake wawili na majiko mawili ana kaya mbili, naye huandikwa katika mojawapo. Mke wa jiko la pili huonekana mwanamke anayejiongozea kaya yake, hali ana mume aliyewajibika kumlisha. Sisi hatuanzi na chungu. Tunaanza na swali la wajibu: nani ana haki ya nafaka juu ya nani, popote anapokula.

Mfano bora wa jambo hili umetoka Kagera kwenyewe. Kuanzia 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia na wataalamu wa vyuo vyetu walifanya Uchunguzi wa Afya na Maendeleo Kagera. Walizipitia kaya zaidi ya 900 katika jamii 51 za mkoa mzima, Ngara na Biharamulo zikiwamo, wakitaka kujua vifo vya watu wazima wakati wa ukimwi vinaziathiri vipi kaya. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu walewale. Kaya zile 900 na kidogo zikawa zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 zikapita 3,300. Watoto walioa, mabinti waliolewa, mayatima walichukuliwa na wajomba, vijana walikwenda Mwanza na Dar es Salaam. Katika uchambuzi wao, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walikuta kuwa waliohama nje ya kijiji chao, ukuaji wa matumizi yao uliongezeka kwa pointi 36 za asilimia kuliko ambavyo ungekuwa lau wangebaki.

Hii ni kazi ya ustadi mkubwa, na mwanafunzi yeyote wa historia ya mkoa ule ataihitaji. Lakini angalia linalofuata. Kijana aliyeko Mwanza ameandikwa kaya nyingine, iliyofanikiwa. Mama aliyebaki Biharamulo ameandikwa kaya masikini. Takwimu imewatenganisha kwa sababu chungu kimetengana. Sharia haijawatenganisha. Nafaka ya mama fukara ni juu ya mtoto mwenye uwezo, hata akiwa ng'ambo. Akileta, mama si wa zaka kwa fungu la fukara. Asipoleta, kazi ya kwanza ya kamati ni kumtafuta, na siku hizi simu ipo, kabla ya kumbebesha zaka ya Waislamu mzigo wake. Akishindikana kabisa, basi mama anapewa, kwa kuwa nafaka isiyopatikana ni kama haipo. Sikumbuki kamati hata moja iliyopiga simu hiyo. Kwa hili kosa letu ni kubwa kuliko la TASAF, kwa sababu wao hawana sheria ya nafaka mikononi mwao na sisi tunayo.

Sasa nirudi kwenye bati, maana yule mzee bado anasubiri.

Mwenye kuijua Ngara anajua kuwa mabati mengi ya zamani kule yana historia yake. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kiasi cha siku moja, wakakaa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Kambi zikaenea, mashirika yakaja na magari na mishahara. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole waliyokaa Warundi ilifungwa mwaka 2008. Katika miaka ile wako wenyeji waliopata na wako waliokosa. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walizichukua takwimu za uchunguzi uleule wa Kagera wakalitazama suala hili. Walikuta kwamba wakulima wenye mashamba yao walikuwa katika nafasi nzuri ya kunufaika, kwa kuwa vibarua walipatikana kwa bei rahisi. Vibarua wenyeji ndio walioumia, maana walishindana na wakimbizi katika kazi huku bei za vitu zikipanda.

Kwa hiyo bati la mwaka 1995 laweza kuwa alama ya neema iliyopita miaka mingi. Aliyelinunua alikuwa na nguvu na soko. Kisha soko likahama, bei ya kahawa ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mnyauko wa migomba ukaingia Kagera mwaka 2006, mwili ukachoka. Bati halioti upya kuwa nyasi mtu anapofukarika. Na kibarua aliyeumia miaka ile huenda mwanawe leo ana pikipiki ya kukopa, nayo ikamwondoa katika orodha, wala dodoso halimwulizi inadaiwa kiasi gani.

Je, tukatae takwimu zote? Hapana. Kwa mpango wa nchi hakuna njia nyingine ya kujua kwamba Kagera ilikuwamo katika mikoa mitano iliyotajwa kuwa na umasikini mkubwa kufuatia utafiti wa 2011/12. Ninachokikataa ni kamati ya zaka kuichukua orodha iliyotengenezwa kwa makusudio mengine na kuifanya hukumu ya kisharia. Ruzuku ya msingi ya awamu ya kwanza ilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi. Aliyeipata, hata kama ni wa haki, hajatosheka, na aliyeikosa hajathibitika kuwa tajiri. Na hatari ipo. Mwenye mali akimpa zaka yake mtu anayemdhani fukara, kisha ikabainika ni tajiri, Imam Abu Hanifa anaona imetosha. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kuwa haikutosha. Anayekabidhi kamati amana yake anataraji wamefanya bidii, hakutaraji wamenakili.

Bidii hiyo ni ipi? Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) aliwataja watu watatu waliohalalishiwa kuomba. Mmoja wao ni aliyepatwa na ufukara, mpaka wasimame watu watatu wenye akili katika jamaa zake washuhudie kuwa kweli umempata. Sharti ni mawili, akili na kumjua. Mkutano mkuu wa kijiji una watu mia, lakini anayemjua mtu kwa ndani ni jirani wa ukuta, na huyo mara nyingi haongei mbele ya watu mia. Pia mkutano humtaja anayeonekana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba masikini wa kweli si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mbili, bali ni yule asiye na cha kumtosha, asiyetambulikana ili apewe, wala hasimami kuomba. Na aya ya 273 ya Surat al-Baqara imewaeleza watu ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao. Mtu wa namna hii ataonekana vipi na kompyuta, ikiwa hata imamu anayemsalisha mara tano kwa siku hajamwona?

Ramadhani iliyofuata niliirudia kamati ile, nikamwomba yule kijana tukae na daftari. Tuliandika mahitaji ya yule mzee kwa mwezi kwa bei za gulio la pale: unga, maharage, chumvi, sabuni, mafuta ya kula, dawa ya shinikizo la damu, daftari na sare za wajukuu wawili alioachiwa. Tukaita watu watatu wa jirani, kila mmoja peke yake. Tukampigia simu mtoto wake wa pekee aliye hai, tukakuta naye ni kibarua asiyejitosheleza. Hiyo ndiyo ikawa kumi yake, na alichokuwa anakipata hakikufika tatu. Kwa madhehebu yetu huyo ni fukara, yuko chini ya masikini, na alikuwa amelala chini ya bati lake miaka yote hiyo.

Tulipanga apewe kinachomtosha mwaka mzima, kwa kauli ya wanaosema zaka imfikishe fukara kwenye kifaya cha mwaka, na kwa ajili hiyo tukalazimika kuwapunguza wapokeaji kutoka arubaini na kitu hadi sita. Kelele zilikuwa nyingi, na nyingine zinaendelea. Yule kijana ndiye aliyempelekea. Mzee aliuliza swali moja tu, kama jina lake litasomwa msikitini. Alipoambiwa halitasomwa, akapokea.